Gasketi ya Mukuba

Ilishushwa kutoka lori la Kasumbalesa,
usukani upande wa kulia, kama mgeni
aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.
Milango miwili. Silinda sita kwa mstari mmoja.
Hakuna aliyewahi kuifungua: boliti bado zina alama ya rangi
ya mtu aliyezikaza ng'ambo, mwaka nisioujua.

Bwana Tshinyama akasema: nataka nguvu.
Hakusema ngapi.

Fundi Kasweka alichukua likuta ya zamani
isiyonunua tena hata kiberiti,
akaisimamisha kwa ukingo juu ya injini, akawasha.
Haikuanguka.
"Waona, Ngosa? Hawa sita wamekula sahani moja.
Huyu akishuka yule anapanda, hakuna anayemkanyaga mwenzake.
Na sisi tunalipwa tuwagombanishe."

Mji huu uko juu, watu husahau.
Hewa ya hapa ni uji ulioongezwa maji:
katika farasi mia mbili uliowanunua
ishirini na zaidi wameliwa na mwinuko
kabla hujatoka uani Katuba.
Basi turbo, mwanzoni, ni deni tunalolidai.
Baada ya hapo ndiyo tamaa,

na tamaa ina ukoo mrefu.
Turbo ikaomba petroli, petroli ikaomba pampu,
joto likaomba rejeta pana kama mlango wa choo,
klachi ikateleza,
breki zikauliza: na sisi je?
Kila Jumamosi Bwana Tshinyama alihesabu dola juu ya boneti
akilamba kidole,
simu ya mkewe ikitetemeka mfukoni, ikinyamaza, ikitetemeka.

Mwezi wa tatu gasketi ya kiwandani ikapasuka,
kati ya wa tano na wa sita.
Maji ndani ya oili, rangi ya chai ya maziwa.
Kasweka akakaa juu ya tairi, hakusema neno hadi saa sita.

Mimi kazi yangu ni kukereza. Sikuitwa kutoa shauri.
Lakini chini ya kitanda cha baba kulikuwa na bamba la shaba:
miaka thelathini na moja mbele ya tanuri,
miezi ya mwisho bila mshahara,
kila mtu akatoka na alichoweza kukificha chini ya koti.
Nilimwomba. Hakujibu.
Alisogeza miguu ili nipite.

Niliichoma juu ya makala ya kupikia bukari
hadi ikawa nyekundu, nikaitumbukiza ndooni.
Chuma ukikifanyia hivyo hukakamaa.
Mukuba hulegea, hukubali.
Mashimo sita makubwa, mengine ya maji, mengine ya oili;
tupa, msumeno, na kidole changu cha shahada
ambacho hadi leo hakijui baridi.

Jumapili saa kumi na moja alfajiri, barabara ya Likasi.
Kasweka alikanyaga.
Mwanzo hakuna kitu, kama mtu anayetafuta neno.
Kisha mwili wangu ulikwenda na shingo ikabaki,
ikanifuata baadaye.
Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka vile, kama mlevi.

Kurudi, tukakuta lori.
Vibao vya shaba vimefungwa minyororo, vizito, safi,
jua la kwanza likivipapasa kimoja kimoja,
vinakwenda mpakani, kama kawaida yake.
Kilomita ishirini na tano kwa saa, sisi na farasi wetu wote,
na ndani humu kipande chembamba kama ukucha
kikiwa kimebana pumzi.

Kasweka, kule kulia kwake, haoni mbele.
Ananiuliza mimi, niliyekaa mahali pa dereva bila usukani:
Tupite?
Nachungulia. Lori. Mbele yake lori.
Bado.
Sasa?
Bado, nasema.